Somo la Redio: Kutafuta Shauri la Kazi Katika Hati za Intaneti

Vuteni daftari na kalamu, maana leo kuna namba za kuandika.

Tuseme wewe ni mwalimu wa watu wazima kule Dongobesh au Katesh. Umetunga kurasa za kusomea kwa Kiiraqw, nawe wataka kuziweka katika intaneti. Kompyuta yapasa kuambiwa kurasa hizo ni za lugha gani. Ukiandika kuwa ni Kiswahili, programu ya kusahihisha maandishi itapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, na mashine isomayo kwa sauti, ambayo asiyeona huitegemea, itayatamka maneno kama Kiswahili kibovu. Je, alama iliyo sahihi ni ipi, na nani aliyeiweka?

Jibu limo katika hati ziitwazo RFC, maana yake Ombi la Maoni. Ya kwanza ilitoka Marekani Aprili 1969, na leo zimepita 9,000, zote kwa Kiingereza. Hapa ndipo wengi wapoteapo: wakiona namba ya RFC hudhani ni sheria. Sivyo. Nyingine ni kanuni, nyingine maelezo tu, nyingine majaribio, na nyingine zimekwisha kuwa historia. Iko hata moja ya tarehe 1 Aprili 1990 ielezayo jinsi ya kupeleka habari za kompyuta kwa njiwa! Ni mzaha, lakini imechapwa kwa sura ile ile ya wenzake. Mwaka 1995 ilibidi itolewe RFC 1796 kukumbusha watu kwamba si kila RFC ni kanuni.

Basi usianze kusoma katikati. Tazama kwanza kichwa cha hati, kwa kuwa aina yake huandikwa pale. Kisha ujue ya kuwa RFC ikisha kutolewa haiguswi tena. Ikizeeka, huandikwa nyingine yenye namba mpya. Kwa hiyo nakala ya zamani iliyochapwa karatasini haiwezi kukuambia kuwa imefutwa. Habari hiyo utaipata katika ukurasa wa Mhariri wa RFC. Mimi mwenyewe niliwahi kushinda mchana mzima na hati iliyokwisha kufutwa, nikistaajabu mbona haipatani na kompyuta.

Tazameni habari yetu ya lugha. RFC 1766 ilitoka 1995. Ikafutwa na 3066 mwaka 2001, nayo ikafutwa na 4646 mwaka 2006, kisha ikaja 5646 mwaka 2009. Aliyeshika ile ya 1995 atapata alama za herufi mbili kutoka orodha fupi, na Kiiraqw hakimo. Ni hii ya 2009 iliyofungua mlango kwa orodha kubwa ya lugha zaidi ya 7,000, Kiiraqw kikaingia.

Ili usihangaike na namba zinazobadilika, andika hii: BCP 47. BCP ni Desturi Bora ya Sasa, yaani hati zenye shauri la kazi. Namba 47 hubaki ile ile, ingawa RFC zilizo chini yake hubadilishwa. Mtu wa kazi na aanzie huko.

Ndani yake utaona maneno kwa herufi kubwa, yenye maana ya LAZIMA, YAFAA na WAWEZA. Uzito wake umepimwa katika BCP 14. Ukiona LAZIMA, huna hiari. Ukiona YAFAA, fuata ila uwe na sababu njema ya kuacha.

Orodha ya alama zenyewe haimo katika hati. Hati yakuelekeza kwenye daftari la IANA. Kiswahili ni sw, wala si swa, kwa kuwa palipo na alama ya herufi mbili ndiyo itumikayo. Kiiraqw ni irk. Kidatooga ni tcc. Ya nchi, yaani TZ, iongezwe tu pale inapoleta tofauti, kama Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Ukurasa ukiwa na lugha mbili, kila kifungu kipewe alama yake.

Kazi ya juma hili: tafuteni katika daftari hilo alama ya lugha ya Wahadzabe, jirani zetu wa Yaeda Chini, mwandike pia tarehe ilipoingizwa.