Upatanifu wa mifumo ya uendeshaji

Upatanifu wa mifumo ya uendeshaji ni hali ya programu kuweza kufanya kazi kwenye kompyuta yenye mfumo wa uendeshaji na prosesa fulani. Programu haiamrishi diski wala kioo moja kwa moja. Huomba huduma kwa kiini cha mfumo wa uendeshaji, nacho ndicho huamrisha vifaa. Kwa sababu hiyo programu ya Windows haifunguki yenyewe kwenye Linux hata kama prosesa ni ileile: maombi yake hayaeleweki huko. Prosesa nazo hazina lugha moja. Ile ya ARM, iliyo katika simu nyingi, si ile ya x86 ya kompyuta nyingi za mezani.

Kuna pia suala la biti. Prosesa ya biti 32 kwa kawaida hufikia anwani za kumbukumbu 4,294,967,296, yaani GB 4. Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32, lakini zile za biti 16 za zama za MS-DOS huzikataa.

Mfano wa Ifakara

Tangu mwaka 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakiandikisha kaya, vizazi, vifo na uhamaji katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Takwimu hizo zilitunzwa kwa programu ya HRS, iliyojengwa juu ya FoxPro. Microsoft ilitoa toleo la mwisho la Visual FoxPro mwaka 2004 na kusitisha huduma zake Januari 2015. Lakini taarifa za mtoto aliyezaliwa bondeni mwaka 1997 bado zinahitajika ili kujua kama vifo vya watoto vimepungua, na hazikusanywi mara ya pili.

Hapa wengi huchanganya programu na data. Muundo wa faili za DBF za FoxPro unajulikana, hivyo LibreOffice huweza kuzisoma, hata kwenye Linux. Kinachopotea ni fomu na kanuni za ukaguzi, kwa mfano ile inayozuia marehemu kuandikiwa uhamaji. Hizo hazina budi kuandikwa upya. OpenHDS, mfumo wa baadaye wa kazi kama hii, hutumia vishikwambi vya Android. Programu za MS-DOS zisizo na mbadala huendeshwa ndani ya DOSBox, inayoigiza kompyuta ya zamani, ingawa printa mara nyingi husumbua.

Jamii: Kompyuta