Herufi "gh" katika maneno ya Kiingereza: sauti iliyopotea na maana zilizobaki

Msomaji wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba herufi g na h zikiandikwa pamoja huwakilisha sauti moja, na sauti hiyo hutamkwa: ghali, ghafla, lugha, shughuli. Akifungua kitabu cha Kiingereza huzikuta herufi hizohizo kila ukurasa, lakini ni nadra kuzisikia. Katika "night", usiku, ziko kimya. Katika "laugh", kucheka, husikika f. Katika "ghost", mzuka, husikika g tupu. Maneno yenye "ough" ndiyo yanayosumbua zaidi, maana kila moja lina njia yake: "though", ingawa, hutamkwa karibu na dhou, "through", kupitia, ni thruu, "tough", -gumu, ni taf, "cough", kikohozi, ni kof, "bough", tawi kubwa la mti, ni bau, na "thorough", -a kina au -a uangalifu, ni thara.

Kwa kawaida mwanafunzi huambiwa akariri tu. Ushauri huo unafaa kwa matamshi, lakini haumwokoi mfasiri, kwa sababu makosa makubwa hutokea katika maana. Shahidi akieleza kwamba mshtakiwa "brought" mzigo, amesema aliuleta. Akieleza kwamba "bought" mzigo, amesema aliununua. Tofauti ni herufi r peke yake, na mtu aliyeuleta mzigo hayuko katika nafasi moja na aliyeununua mbele ya hakimu. Vivyo hivyo "through negotiations" ni kwa njia ya mazungumzo, ilhali "thorough negotiations" ni mazungumzo ya kina. Jicho lililochoka hulipita neno moja likidhani limeona jingine, na sentensi ya Kiswahili inayotoka hapo huwa sahihi kisarufi, hivyo mhariri haoni cha kushuku.

Chanzo cha vurugu hii ni sauti ambayo Waingereza wengi hawanayo tena. Katika Kiingereza cha kale usiku uliitwa "niht", mwanga "liht", na binti "dohtor", na herufi h ya katikati ilitamkwa kooni, karibu sana na kh anayoitoa mtu wa pwani anaposema sabalkheri kwa matamshi ya Kiarabu. Kwa hiyo mzee wa Lamu au Unguja angeweza kulitamka neno la kale la Kiingereza kwa usahihi unaomshinda mkazi wa London wa leo. Wajerumani wanayo sauti hiyo bado katika "Nacht", "Licht" na "Tochter", na baadhi ya Waskoti husema "nicht" wanapotaja usiku.

Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, kazi ya kuandika iliangukia mikononi mwa makarani waliofunzwa kwa desturi za Kifaransa, na katika karne zilizofuata tahajia ya gh ndiyo iliyoenea kuiwakilisha sauti ile ya kooni. William Caxton alianzisha kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, wakati sauti yenyewe ilikuwa imeanza kufifia kusini mwa nchi. Wachapaji waliendelea kupanga herufi walizozizoea huku vinywa vikiendelea na mambo yake. Sauti ilipokwisha kabisa, tahajia ilikuwa imeshika mizizi.

Mahali pengine sauti ya kooni haikufa bali ilihama. Ilipofuata irabu zinazoviringisha midomo, wasemaji wa sehemu fulani waliisogeza mbele hadi midomoni ikawa f. Ndiyo asili ya matamshi ya "cough", "rough", "enough" na "laugh". London ilipokea watu kutoka kila upande, nao walikuja na matamshi yao. Neno moja likashika matamshi ya huku na jingine matamshi ya kule. Kutafuta kanuni ya kueleza kwa nini "tough" lina f na "though" halina ni kujichosha bure. "Dwarf", mbilikimo wa hadithi, nalo lilipitia safari hiyohiyo ya kutoka kooni hadi midomoni, ila lenyewe lilibahatika kubadilishiwa na herufi.

Hata hivyo, gh ni alama ya ukoo, na hapa ndipo mwanafunzi wa maana anaponufaika. "Height", kimo, ni ndugu wa "high", -refu kwenda juu. "Weight", uzito, hutoka katika "weigh", kupima uzito. "Flight", safari ya angani, hutoka katika "fly", kuruka. "Slaughter", kuchinja au mauaji ya halaiki, ni wa nyumba moja na "slay", kuua. Na "drought", ukame, ni mtoto wa "dry", -kavu. "Thought" ni wakati uliopita wa "think", kufikiri, na pia ni nomino, wazo. "Sought" hutoka katika "seek", kutafuta, na "taught" katika "teach", kufundisha. "Caught", wakati uliopita wa "catch", kushika, ni mgeni katika ukoo huu: neno lenyewe lilitoka Kifaransa, likaiga sura ya wenyeji.

Neno linalostahili kukaliwa kitako ni "draught". Mama yake ni "draw", na maana ya msingi ya "draw" ni kuvuta au kukokota. Mwenye kuishika maana hiyo hatababaishwa na orodha ndefu atakayoikuta katika kamusi. "Draught animal" ni mnyama wa kukokota, kwa mfano maksai. "A draught of water" ni funda la maji, yaani kiasi kinachovutwa kinywani kwa mara moja. Bia ya "draught" ni ile inayotolewa katika pipa, si ya chupa. Upepo mwembamba unaopenya chini ya mlango ni "draught" pia, kwa kuwa chumba huuvuta ndani. Katika shughuli za bandari neno hili humaanisha kiasi cha meli kinachozama chini ya maji, jambo linaloamua iwapo meli itaweza kuingia katika lango la bandari au itasubiri maji kujaa. Mfasiri wa taarifa ya bandari anayelisoma haraka na kuona "drought" atawapa wasomaji wake meli yenye ukame. Kosa hilo angalau huchekesha na hugunduliwa. Kinyume chake, kuisoma taarifa ya ukame wa wilaya kana kwamba inahusu upepo au kina, huweza kupita katika jedwali lisilo na maelezo.

Kuna pia "draughts", mchezo wa kete unaochezwa barazani kwa vifuniko vya chupa. Kiswahili kiliuita drafti, kikaandika f iliyosikika na kuacha gh isiyosikika. Ndivyo kilivyofanya kwa "plough" pia, likawa plau. Kwa "doughnut", likawa donati. Na kwa "tight", likawa taiti. Maneno haya manne ni ushahidi mzuri wa kumwonyesha mwanafunzi darasani, kwani yanaonyesha hatima mbili za gh, yaani ukimya na f, kwa tahajia isiyoficha kitu.

Ukoo mwingine unaoleta matatizo ni wa "work", kufanya kazi. Wakati wake uliopita wa zamani ulikuwa "wrought", na umebaki katika "wrought iron", chuma kilichofuliwa na mhunzi, tofauti na chuma cha kusubu kinachomiminwa katika kalibu. Katika ukoo huohuo yumo "wright", fundi. "Shipwright" ni fundi wa kuunda vyombo vya baharini, na "wheelwright" ni fundi wa magurudumu. "Playwright" basi ni fundi wa tamthilia. Wengi hudhani sehemu ya pili ya neno hili inatoka katika "write", kuandika, na huliandika hivyo. Waingereza wenyewe hukosea hapa kila siku. Tafsiri ya mwandishi wa tamthilia haina kasoro, lakini anayefasiri makala inayolichezea neno hilo kwa maana ya ufundi lazima ajue kwamba ndani yake mna nyundo na msumeno, si kalamu.

"Ought" linahitaji hadhari ya namna nyingine. Kihistoria ni wakati uliopita wa "owe", kudaiwa, na wazo la deni halijaliacha: mtu anadaiwa tendo fulani na dhamiri yake au na jamii. "You ought to pay" ni yakupasa kulipa. Kulitia "lazima" mahali hapo ni kulizidishia nguvu, maana lazima ni kazi ya "must". Katika mkataba au sera ya taasisi, tofauti kati ya yapasa na ni lazima ndiyo inayoamua nani atawajibishwa. "Fraught" nalo lilihusu shehena, kama "freight" linavyohusu hadi leo. Hali iliyo "fraught with danger" ni hali iliyosheheni hatari, na kwa bahati njema Kiswahili kina kitenzi kinachobeba picha ileile.

Maana pia huhama wakati herufi zimesimama palepale. "Naughty" limejengwa juu ya "naught", yaani pasipo kitu. Mwanzoni lilimhusu mtu fukara, kisha likamhusu mwovu, na leo humwelezea mtoto mtukutu. Katika onyesho la kwanza la Julius Caesar, fundi viatu wa Roma huitwa kwa neno hili na afisa aliyekasirika, na linatokea pia katika The Merchant of Venice. Tamthilia zote mbili za Shakespeare zilifasiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere. Anayezisoma kwa Kiingereza akiwa na maana ya leo kichwani atasikia utani mahali palipo na tusi.

Zipo pia gh za bandia. "Delight", furaha, lilitoka Kifaransa bila gh, likapachikwa herufi hizo kwa kufananishwa na "light", ingawa mwanga hauhusiki hata kidogo. "Haughty", -enye kiburi, limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya juu, nalo likavishwa gh kwa kuiga wenzake. "Hiccough", kwikwi, ni tahajia ya watu waliodhani kwikwi ni aina ya kikohozi. "Hiccup" ndiyo sura inayofuata sauti, na ndiyo bora kutumiwa. "Ghost" lilikuwa "gast" tu, na h iliingizwa na wachapaji wa zama za Caxton, aliyeishi miaka mingi Flanders na kuzizoea tahajia za huko.

Marekani imefuta baadhi ya herufi hizi: huko huandikwa "plow" na "draft", na "donut" huonekana sana. Jambo hilo humrahisishia msomaji matamshi na kumwongezea mfasiri kazi, kwa kuwa "draft" ya Kimarekani hubeba maana zote za "draught" pamoja na rasimu, na zaidi ya hapo kuandikishwa jeshini kwa lazima. Kabla ya kufasiri neno hilo ni vyema kujua andiko limetoka upande gani wa bahari. Tahadhari hiyohiyo yafaa kwa "slough", ambalo kwa hakika ni maneno mawili yenye tahajia moja: likitamkwa slau, au sluu kwa Wamarekani wengi, ni kinamasi, likitamkwa slaf, ni gamba la nyoka, na kitenzi chake ni kujivua.