Kiyoyozi cha Gari la Safari na Gesi Iliyomo Ndani Yake

Gari la safari, yaani gari lenye kitanda, jiko dogo na tangi la maji ili wasafiri waweze kulala popote wanapofika, huonekana Kigali kwa sura mbili: Land Cruiser yenye hema la kukunjwa juu ya paa, ambayo hukodishwa na watalii wanaoelekea Akagera, na gari kubwa lenye bodi iliyozibwa pande zote, ambalo mara nyingi limeshushwa melini Mombasa au Dar es Salaam na kuendeshwa hadi Rwanda. Hema halina haja ya kiyoyozi, kwa kuwa turubai haihifadhi baridi. Ni gari la aina ya pili ambalo mwenyewe hulipeleka kwa fundi pale kiyoyozi cha paani kinapochoka.

Kiyoyozi hicho ni kifaa kimoja kilichokamilika, chenye kompresa inayobana gesi, kondensa inayotoa joto nje, na evapereta ambamo gesi iliyogeuka kimiminika huvukizwa na kufyonza joto la ndani ya gari. Kwa kuwa mabomba yake yamefungwa kiwandani, fundi anayefunga kipya hana sababu ya kuyagusa: hukiinua cha zamani, husafisha kingo za tundu la paa, ambalo katika magari ya Marekani lina upande wa sentimita 36 hivi na katika mengi ya Ulaya sentimita 40, huweka raba mpya ya kuzuia maji, kisha hukaza boliti kutokea ndani. Jambo la kuangaliwa zaidi ni paa lenyewe, kwani kifaa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 45, na uzito huo hutikiswa kila gari linapopita barabara za vumbi.

Umeme nao unadai uangalifu. Rwanda hutumia volti 230 kwa mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali gari la Marekani limeundwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Transfoma hubadilisha volti lakini haibadilishi mizunguko, kwa hiyo mota huzunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa na hupata joto. Tena, katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, hewa ya Kigali ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya pwani, na kwa sababu hiyo feni ya kondensa huondoa joto pungufu, na jenereta nayo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mwenye gari angefaa pia kujiuliza kama anakihitaji kifaa hicho, maana usiku wa Kigali una ubaridi wa kutosha kwa anayelala madirisha wazi. Joto la kuusumbua usingizi liko mabondeni na pwani.

Hata hivyo, kufunga kipya ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Uzito wake uko katika kifaa kilichoshushwa, ambacho kwa kawaida bado kina gesi, na mkato mmoja wa bomba lake hutosha kuimwaga yote hewani. Vingi vya vifaa hivi hutumia R-410A, mchanganyiko wa hidrofluorokaboni, yaani gesi zisizoharibu tabaka la ozoni lakini zinazozuia joto la dunia lisitoke. Kilo moja ya R-410A hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 2,088 za kaboni dioksidi katika muda wa miaka 100. Kwa hiyo nusu kilo inayomwagwa gereji ni sawa na moshi wa karibu lita 390 za dizeli, kiasi cha kuiendesha Land Cruiser zaidi ya kilomita 3,000.

Gesi hizi ndizo zilizoyapa Marekebisho ya Kigali sababu ya kuwepo. Yalipitishwa katika jiji hili tarehe 15 Oktoba 2016 kama nyongeza ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na yakaanza kutumika mwaka 2019; kwa kundi la nchi ambamo Rwanda imo, matumizi yalitakiwa yasiongezeke kuanzia 2024, yapungue kwa asilimia 10 ifikapo 2029 na kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Lakini mkataba huhesabu gesi inayozalishwa, inayoingizwa na inayouzwa nje, si ile inayovuja uani kwa fundi, na hapo ndipo pengo lilipo: gesi iliyomwagwa haionekani katika hesabu hiyo, ingawa madhara yake ni yaleyale. Pengo hilo linazibwa na mkono wa fundi peke yake.

Kazi iliyo sahihi huanza kwa kuunganisha mashine ya kukusanyia gesi, ambayo huivuta kutoka kwenye mabomba na kuisukuma katika mtungi maalumu, usiojazwa kupita asilimia 80 kwa sababu kimiminika hutanuka kinapopata joto na huweza kuupasua. Kila aina ya gesi huwekewa mtungi wake wenye jina lake, maana R-410A iliyochanganyika na R-134a, ambayo hutumika katika viyoyozi vya injini vya magari mengi, haiwezi tena kusafishwa kwa njia za kawaida ili itumike upya, na hubaki ya kuteketezwa tu.