Kunyonya mafuta: damu haimwagiki, je ganzi?

Wiki hii nataka tuzungumzie upasuaji wa kunyonya mafuta, ule wa kupunguza tumbo au mapaja kwa bomba. Wengi huulizia bei na makovu. Mimi naulizia damu na dawa ya ganzi.

Upasuaji huu ulienezwa na Mfaransa, Daktari Yves-Gérard Illouz, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Madaktari wengi wa wakati huo walimpa mgonjwa nusu kaputi, kisha wakaingiza bomba bila kutia kitu kwenye mafuta. Bomba lilikwangua mishipa midogo, na katika kila lita iliyotoka damu iliweza kufika mililita 200 hadi 450. Aliyetolewa lita kadhaa aliweza kuhitaji kuongezewa damu. Kwa ajili ya kiuno!

Mwaka 1987 Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, alichapisha njia nyingine. Alichukua maji ya chumvi, yale ya dripu, akatia lidokeini kidogo, ganzi ile ile ya kung'olea jino, na adrenalini kiasi cha miligramu moja kwa lita. Maji hayo hujazwa ndani ya mafuta mpaka sehemu hiyo ivimbe na kukaza. Adrenalini huibana mishipa ya damu, lakini si papo hapo. Daktari mwenye haraka huambulia damu. Akisubiri, damu hushuka hadi mililita kama 10 kwa lita, na mgonjwa yu macho, anazungumza.

Sasa tuje kwenye ganzi yenyewe. Kipimo cha kawaida cha lidokeini yenye adrenalini hakizidi miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 hupewa 490 basi. Mwaka 1990 Klein alipendekeza 35 kwa kilo, yaani 2,450. Mara tano! Hilo huwezekana kwa sababu dawa imezimuliwa sana, mafuta yana mishipa michache, nayo adrenalini imeibana, hivyo dawa huingia kwenye damu polepole. Lakini huingia. Kilele chake huja baada ya saa kama 12: aliyepasuliwa saa nne asubuhi, saa nne usiku yuko nyumbani kwake. Dozi ikizidi, midomo huwasha ganzi, masikio hulia, kisha huja degedege na moyo waweza kusimama. Tena baadhi ya dawa, hata erithromaisini, hulichelewesha ini kuivunja lidokeini.

Mwaka 1999 jarida la tiba la New England lilieleza vifo vitano vya New York vilivyofuatia upasuaji wa namna hii. Waandishi waliishuku lidokeini, au kugongana kwake na dawa nyingine, kuwa sehemu ya sababu.

Anayekwenda huko na amuulize daktari wake: ni miligramu ngapi kwa kilo zangu, dawa ninazomeza zinaingiliana nayo, na saa nne usiku nimpigie nani simu?