Tairi za Land Rover 109: picha tatu za kumtumia mteja kabla hajalipa

Wadau, najua humu tupo wengi tunaouza spea za magari ya kizamani kwa WhatsApp. Leo tuongee tairi. Huku Usoke Land Rover 109 bado zinapiga kazi, na wenye nazo wananiulizia tairi hasa msimu wa tumbaku.

Picha ya kwanza ni saizi. 109 inavaa 7.50-16, yaani upana inchi 7.5, rimu inchi 16. Ukiona 7.50R16, hiyo R ni tairi ya waya. Isiyo na R ni ya nyuzi. Usimchanganyie mteja. Hii ni gari ya fowili, mbele waya nyuma nyuzi mzunguko haulingani, akiweka fowili kwenye ardhi kavu anaumiza gia na ekseli. Anayetaka mbili tu, muulize kwanza zilizobaki ni za aina gani.

Ya pili ndiyo wengi wanairuka: tarehe. Ubavuni tafuta DOT, fuata mpaka namba nne za mwisho. 3218 ni wiki ya 32 mwaka 2018. Gari hizi hazitembei sana, kwa hiyo tairi inazeeka kabla ya kuisha. Meno mazima, mpira umekauka. Ukikuta namba tatu tu, hiyo imetengenezwa kabla ya 2000, usiuze hata kwa bei ya mboga. Kuna mtu wa jumla alinitumia nne za hivyo, zimepakwa kiwi ya viatu zinang'aa! Nilizirudisha, nauli juu yangu.

Ya tatu piga ndani: nyufa, viraka, stika. Stika ibanduliwe, maana inasugua tyubu mpaka inatoboka. Tyubu iwe mpya, na kama tairi ni ya waya, iwe tyubu ya tairi za waya.

Halafu kuna hili la kufunga, hapa mtu anakufa kweli. Baadhi ya Land Rover, hasa zilizotoka jeshini, zina rimu ya vipande viwili vilivyoshikwa na nati. Fundi akifungua nati hizo upepo ukiwa ndani, rimu inalipuka usoni kwake. Atoe kwanza kisindano cha ndani ya valvu, upepo uishe wote, ndipo ashike spana. Mteja wa mbali mimi namtumia hili kwa voisi, namwambia amsikilizishe fundi kabla hajaanza kazi.