Nyenje Asiyelia: Tatizo la Jina

Katika Kiswahili nyenje hutambulishwa kwa sauti. Mtoto wa shamba huujua mlio wake wa usiku kabla hajapata kumwona, na watungao kamusi hawakosi kuutaja. Makala haya yanamhusu nyenje asiyelia kabisa, akaaye katika visiwa vya Hawaii. Je, jina letu linaweza kumbeba?

Hawaii ni visiwa vya volkeno, takriban kilomita 3,800 kutoka pwani ya Marekani Kaskazini. Lava inapotiririka, sehemu ya juu hupoa ikawa jiwe huku ya ndani ikiendelea kwenda. Ikiisha kupita, huacha pango refu mfano wa mfereji. Pango la Kazumura lina urefu wa zaidi ya kilomita 60. (Nasi tunayo mapango ya namna hii Suswa na katika Milima ya Chyulu, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.) Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba visiwa vichanga kama hivyo haviwezi kuwa na wadudu wa gizani tu. Mwaka 1971 Francis Howarth aliwakuta humo Kazumura, mahali ambapo mizizi ya mti uitwao ohia hupenya darini na kuwa chakula. Mwaka 1978 Ashley Gurney na David Rentz walieleza spishi kadhaa za nyenje hao, zikiwemo za jenasi Caconemobius.

Jenasi hiyo ni ya ajabu. Baadhi ya spishi zake hukaa ufukweni, kwenye mawe yarushiwayo maji ya bahari. Nyingine juu ya lava mpya pasipomea hata jani, zikila makombo yaletwayo na upepo. Nyingine pangoni, macho yakiwa yamepungua na rangi imefifia. Kuhusu mapango ya Ulaya ilizoeleka kusemwa kwamba mdudu wa pangoni ni mkimbizi: hali ya hewa ilibadilika, jamaa zake wa juu wakafa, akasalia yeye. Huko Hawaii jamaa wangali hai, juu ya dari lile lile. Kwa hiyo Howarth alishikilia kwamba mdudu hakukimbilia pangoni, bali alifuata chakula ambacho hakikuwa na mwenyewe. Nyenje hulia kwa kusugua mabawa ya mbele. Hawa hawana mabawa, basi ni mabubu wote.

Tuje kwenye majina. Caconemobius ni Kigiriki: kakos ni 'baya', nemos ni 'kijisitu', bios ni 'maisha'. Nemobius alikuwa amekwisha kuitwa nyenje wa vichakani wa Ulaya. Huyu basi ni 'mkaa-kijisituni mbaya', ilhali hana kijisitu chochote. Wahawaii nao humwita yule wa juu ya lava ʻūhini nēnē pele: ʻūhini ni panzi, nēnē ni kulia kama aliavyo nyenje, pele ni lava. Kwa maneno mengine, panzi aliaye wa lava, naye halii! Majina yote mawili hayamwelezi mdudu mwenyewe. Yanamtaja kwa ukoo wake.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili niliamini kwamba istilahi njema ni ile ielezayo sifa ya kitu. Siku hizi nina shaka. Tukifuata kanuni hiyo hapana budi tumnyime bubu huyu jina la nyenje na kumbunia neno jipya, nalo litamtenga na ndugu zake. Chenene halifai, kwa maana huyo huchimba udongo. Napendekeza nyenje wa pangoni, na nyenje-lava kwa yule wa juu. Kinachohitaji kurekebishwa ni fasili ya kamusi: papasi ndefu na miguu ya nyuma ya kurukia zitangulie, na mlio ufuate, ukiwa na maneno 'kwa kawaida' mbele yake. Ama kuhusu lava, wako wasemao zaha; neno ni zuri, lakini wanafunzi wangu wengi hulifungulia kamusi.