Mashine, ghala au maji? Namna ya kupanga mahitaji ya mradi

Wakamuaji wa mawese wa Gatete, Rumonge, wakitaka kuanzisha mradi, orodha ya mahitaji huwa ndefu kuliko pesa. Tuseme wana manne: mashine ya kukamulia, ghala, maji safi na njia ya kufikia barabara ya lami iendayo Bujumbura. Ukiuliza kipi muhimu, utajibiwa vyote.

Wataalamu hushauri kuuliza viwili viwili: pesa ikitosha kimoja tu, mashine au ghala? Mshindi anapata alama moja. Mahitaji manne huleta jozi 6. Kumi huleta jozi 45, na hapo kikao kitalala.

Mfano, mashine huongeza mafuta, lakini asiye na ghala huuza msimu wa mavuno, bei ikiwa chini. Hesabu hiyo haionekani mpaka vitu viwili viwekwe ana kwa ana.

Jihadharini na mzunguko. Mashine imeshinda ghala, ghala limeshinda maji, kisha maji yameshinda mashine! Mara nyingi watu wamebadili kipimo katikati, kutoka faida hadi afya. Chagueni kipimo kimoja, mrudie.

Profesa Thomas Saaty wa Marekani, katika kitabu chake cha 1980, aliongeza uzito wa 1 hadi 9 kwa kila jozi. Kwa mkopo mkubwa inafaa. Kwa kikao cha kijiji kokoto zinatosha, ila akina mama wanaobeba maji wapige kura zao kando, mbali na wenye mashine.